Mwaka wa Mwisho Chuoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaokaribia Kuhitimu

Mengi ya maswali haya huulizwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, na machache na wale wa mwaka wa kwanza wenye busara ya kuuliza mapema. Kila chuo kina taratibu zake, kwa hiyo popote panapotajwa muda au idadi, linganisha na kitabu cha kanuni cha chuo chako. Utaona jambo moja likijirudia: kinachomkwamisha mhitimu mwishoni huwa ni kitu kidogo, na mara nyingi kilikuwepo tangu muhula uliopita.

Nianze lini kushughulikia masuala ya kuhitimu?

Mwanzoni mwa muhula unaotangulia ule wa mwisho. Ukisubiri muhula wa mwisho wenyewe, kisha ugundue kuna somo la lazima hukulisoma, huenda halifundishwi muhula huo, na utajikuta unaongeza mwaka mzima kwa ajili ya somo moja.

Kazi yenyewe inamalizika jioni moja. Chukua matokeo yako yote pamoja na mtaala wa programu yako. Mtaala huo uwe wa mwaka ulioanza masomo, kwa sababu kwa kawaida mwanafunzi hufungwa na mtaala alioingia nao hata kama ulibadilishwa baadaye. Viweke kando kwa kando, kisha pitia somo baada ya somo ukitia alama. Hakikisha masomo ya lazima yametimia na jumla ya krediti inatosha, kisha angalia kama krediti za ngazi ya juu zinafikia kiwango, na kama masomo ya hiari yanatoka kwenye kundi linalokubalika. Hili la mwisho ndilo linalowanasa wengi: mtu amesoma somo la hiari, amelifaulu vizuri, lakini halihesabiki kwa programu yake.

Chunguza pia somo lililobadilishiwa namba, alama iliyoandikwa "haijakamilika" na kusahauliwa, masomo yaliyohamishwa kutoka chuo kingine, na mafunzo kwa vitendo ambayo daftari lake halikusainiwa na msimamizi wa kule ulikofanyia. Ukimaliza, nenda kwa mratibu wa idara na orodha yako mkononi, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo kwenye korido halitakusaidia mratibu akibadilishwa.

Bado naweza kupandisha wastani wangu wa alama?

Piga hesabu kabla ya kujipa matumaini au kukata tamaa. Wastani hupatikana kwa kuzidisha pointi za kila somo kwa krediti zake, kujumlisha yote, kisha kugawanya kwa jumla ya krediti.

Tuseme kipimo ni pointi 5, programu ina krediti 240, umeshamaliza 180 ukiwa na wastani wa 3.2, na unataka kumaliza na 3.5. Unahitaji jumla ya pointi 840, yaani 3.5 mara 240. Tayari unazo 576, yaani 3.2 mara 180. Zimebaki 264, na ukizigawanya kwa krediti 60 zilizosalia unapata 4.4. Huo ndio wastani unaotakiwa kuupata katika kila kilichobaki. Inawezekana, ila ni mlima. Mwanafunzi mwenye 3.2 hiyohiyo akiwa amemaliza krediti 60 tu angehitaji wastani wa 3.6 katika zilizobaki. Ndiyo maana mwaka wa kwanza haupaswi kuitwa mwaka wa kuzoea mazingira, pale ambapo alama zake zinahesabiwa. Vipo vyuo visivyouhesabu mwaka wa kwanza, au vinavyoupa uzito mdogo, na ni muhimu kulijua hilo tangu wiki ya kwanza.

Kama hesabu inakuonyesha lengo haliwezekani, elekeza nguvu kwenye kazi yenye krediti nyingi zaidi, ambayo kwa kawaida ni tasnifu.

Ilitakiwa nisome saa ngapi kwa wiki?

Krediti yenyewe ni kipimo cha saa. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: mhadhara, maabara, kusoma mwenyewe, kuandika na mtihani. Kwa hiyo somo la krediti 6 ni saa 150 hadi 180. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 10 hadi 12 kwa wiki kwa somo hilo moja, na kama mihadhara inachukua saa 4, saa 6 hadi 8 zilizobaki ni juu yako. Mifumo mingine ina viwango vyake, lakini mantiki ni ileile. Wanafunzi wengi huhesabu saa za darasani tu, halafu wanashangaa muhula unapowaelemea wiki ya kumi.

Kukesha usiku wa kuamkia mtihani kunasaidia?

Kunasaidia kidogo kwa mtihani wa asubuhi, na karibu yote yanapotea baada ya hapo. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alionyesha, kwa kujipima mwenyewe, kwamba usahaulifu huwa mkali zaidi saa za mwanzo baada ya kujifunza, kisha hupungua kasi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na wale waliokisoma kisha wakajipima kwa kukumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja matokeo yaligeuka, waliojipima wakaongoza.

Kurudia kusoma kunakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo ni ya kweli kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo baada ya kila mhadhara, andika maswali matano au sita pembezoni mwa notsi. Kesho yake funika notsi, jibu bila kuchungulia, kisha sahihisha. Rudia baada ya siku 3, wiki 1, na wiki 3. Swali ulilolikosa mara mbili ndilo upeleke kwa mhadhiri au kwenye kundi la kudurusu. Mitihani ya miaka iliyopita itumie hivyohivyo: kaa nayo kwa muda kamili wa mtihani bila kufungua notsi. Kuisoma pamoja na majibu yake ni kujidanganya.

Na ulale. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Aliyekaa macho kwa saa 17 mfululizo huanza kufanya makosa yanayofanana na ya mtu aliyekunywa pombe, na mtihani wa hesabu hausamehe makosa ya namna hiyo.

Tasnifu huwa inachelewea wapi hasa?

Si kwenye kuandika, ingawa ndivyo wengi wanavyodhani. Huchelewa sehemu tatu zinazokuja kabla.

Ya kwanza ni swali la utafiti pana mno. "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" si swali. Swali linataja nani, nini, wapi na kwa kipimo gani, na ukilisoma unaona mara moja ni data gani itahitajika. Jipime hivi: chora jedwali la matokeo unayotarajia, lenye vichwa vya safu na seli tupu. Ukishindwa kulichora, swali bado halijaiva.

Ya pili ni vibali. Utafiti unaohusu watu mara nyingi huhitaji idhini ya kamati ya maadili, na kamati hukaa kwa ratiba yake. Ombi lililokosa fomu ya ridhaa au dodoso lenyewe hurudishwa na kusubiri kikao kinachofuata. Andaa ombi sambamba na sura ya kwanza, usilisubirishe. Kukusanya data kabla ya idhini ni kosa zito: kunaweza kufuta data yote, hata ikiwa nzuri.

Ya tatu ni dodoso ambalo halikujaribiwa. Wape watu watano hadi kumi ambao hawatakuwa kwenye sampuli yako, kaa nao, uone wanakwama swali lipi. Swali linalouliza mambo mawili kwa mpigo, kama "Je, mihadhara ni mizuri na ya kutosha?", halina jibu linaloweza kuchambuliwa, na ukiligundua baada ya kukusanya majibu mia mbili umeshachelewa.

Kuandika kunakuwa rahisi ukianza na sura ya mbinu, kwa kuwa unaeleza ulichokifanya. Fuata na matokeo, kisha mjadala, na utangulizi uuandike upya mwishoni. Ikisiri ni ya mwisho kabisa. Tumia mitindo ya vichwa vya habari iliyomo kwenye programu ya kuandikia ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze yenyewe. Anayeiandika kwa mkono hujikuta akirekebisha namba za kurasa usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Marejeo yaweke kwenye programu kama Zotero tangu siku ya kwanza, lakini kagua kila ingizo, maana programu hubeba makosa ya mahali ilipochota taarifa: jina la mwandishi kwa herufi kubwa zote, mwaka uliokosekana, jarida lililoandikwa kwa kifupi.

Kama tasnifu itajalidiwa, ukingo wa kushoto huhitaji nafasi zaidi, mara nyingi karibu sentimita 4, la sivyo maneno yanamezwa na jalada. Tenga wiki mbili kamili kati ya rasimu ya mwisho na tarehe ya kuwasilisha.

Faili langu lihifadhiwe vipi?

Nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe mahali pengine kabisa. Kwa mwanafunzi hiyo ina maana ya kompyuta, flashi au diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Flashi inayokaa kwenye begi moja na kompyuta haihesabiki, kwa kuwa begi likiibwa vyote vinaondoka. Majina ya faili yabebe tarehe, kuanzia na mwaka, ili yajipange yenyewe. Mara moja kwa mwezi jaribu kufungua nakala ya akiba. Nakala isiyofunguka si nakala.

Msimamizi wangu hajibu. Nifanyeje?

Tuma ujumbe mfupi wenye swali moja au mawili yanayoweza kujibiwa kwa sentensi, na uambatishe kurasa chache tu unazotaka azisome. "Naomba maoni yako, Profesa" juu ya kurasa 60 ni ombi linaloahirishwa. Baada ya siku 7 za kazi kumbusha kwa adabu, kisha nenda ofisini saa za kuonana na wanafunzi. Baada ya kila kikao andika muhtasari wa mistari mitano, mlichokubaliana na tarehe, umtumie. Ukifika wiki ya tatu bila jibu, mratibu wa utafiti wa idara ndiye mtu sahihi, na huo muhtasari wako ndio ushahidi. Usikae kimya kwa heshima mpaka muhula uishe. Kanuni za kuwasilisha hazitambui kimya cha msimamizi.

Nimefeli somo katika muhula wa mwisho. Je, nimekwisha?

Hapana. Soma kanuni ujue kama una haki ya mtihani wa marudio, lini, na alama ya juu kabisa inayoruhusiwa, kwani mara nyingi marudio hufungiwa kwenye alama ya kufaulu tu. Omba kuona karatasi yako au mchanganuo wa alama. Makosa ya kujumlisha hutokea, na dirisha la kukata rufaa huwa fupi, pengine siku chache tu tangu matokeo yatangazwe.

Nani aniandikie barua ya mapendekezo, na nimwombe vipi?

Mhadhiri aliyekufundisha darasa dogo na kusoma kazi zako ana thamani kuliko profesa mashuhuri aliyekuona kwenye ukumbi wa watu mia tatu. Barua isiyo na mfano hata mmoja inajulikana mara moja kwa anayeisoma, na inakudhuru.

Omba angalau wiki 4 kabla, ukiwa bado chuoni. Uliza hivi: "Je, unanifahamu kiasi cha kuweza kuniandikia barua nzuri?" Swali hilo linampa nafasi ya kukataa bila aibu. Akikubali, mpe kwa pamoja matokeo yako, wasifu wako, tangazo la nafasi unayoomba, tarehe ya mwisho, namna ya kuituma, na aya moja ya kumkumbusha ulichokifanya kwenye somo lake: mada ya insha, mradi, swali ulilolishughulikia. Kumbusha wiki moja kabla. Ukipata au ukikosa nafasi, mjulishe na umshukuru, kwa sababu utamhitaji tena.

Sina mtu wa kunishika mkono kwenye ajira. Nianzie wapi?

Pengine unao watu wengi kuliko unavyodhani. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha utafiti uliowagusa watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo angalau mara mbili kwa wiki. Asilimia 55.6 walionana naye mara chache kuliko hapo, ingawa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na asilimia 27.8 mara moja kwa mwaka au pungufu. Marafiki wa karibu wanajua nafasi zilezile unazozijua wewe, wakati mtu wa mbali anajua za kwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka andika majina: waliokutangulia kuhitimu, uliofanya nao mafunzo kwa vitendo, wenzako wa kundi la mradi, mtunza maabara, viongozi wa vilabu. Chukua mawasiliano yao binafsi, si ya chuo. Na usiombe kazi moja kwa moja. Uliza kazi yake ikoje, na nafasi za pale hutangazwa wapi.

Marafiki wa chuo watabaki?

Baadhi, ikiwa mtapanga. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas ulikadiria kwamba inachukua takribani saa 50 pamoja kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, saa 90 hadi urafiki kamili, na zaidi ya saa 200 hadi urafiki wa karibu. Bweni na kantini hutoa saa hizo bila mtu kuzitafuta. Baada ya chuo hakuna anayezitoa bure, kwa hiyo simu isiyo na siku maalumu haipigwi. Wenye urafiki unaodumu huwa na utaratibu wa kipuuzi kiasi fulani: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa ileile, hata kama hakuna jipya la kusema.

Chuo kinataka niandike tafakuri ya miaka yangu. Inaandikwaje?

Usianze na hisia wala shukrani. Anza na vielelezo: ratiba za mihula yote, kazi zilizosahihishwa, kalenda ya simu, picha zilizopangwa kwa tarehe. Kumbukumbu hupendelea mwanzo na mwisho, na miaka ya katikati huenda ndiyo yenye mabadiliko makubwa zaidi. Tafuta kazi moja ya mwaka wa kwanza na moja ya mwaka wa mwisho, zisome mfululizo, uandike tofauti tatu unazoziona kwenye karatasi.

Kwa muundo, wengi hutumia mzunguko wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 wenye hatua 6: maelezo ya kilichotokea, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, na mpango wa hatua zinazofuata. Kosa la kawaida ni kutumia nusu ya maneno kwenye maelezo. Yafupishe, maana msahihishaji anatafuta uchambuzi, yaani kwa nini ilitokea hivyo.

Linganisha sentensi hizi. "Nilijifunza umuhimu wa ushirikiano" haisemi lolote, na imeandikwa na kila mtu. "Katika mradi wa muhula wa tatu wawili wetu tuliandika sehemu ileile kwa sababu kazi haikugawanywa kwa maandishi, mradi uliofuata tulianza na jedwali la nani, nini na lini" inaonyesha kosa, sababu na mabadiliko. Sentensi tatu kama hiyo zinatosha tafakuri ya maneno 1,000.

Nahisi nilichagua fani isiyonifaa. Miaka imepotea?

Tenganisha mambo mawili: maudhui ya fani, na ujuzi ulioupata ukiisoma. Pitia kila somo uandike kitenzi kimoja ulichoweza kukifanya baadaye: kuchambua data, kutetea hoja mbele ya watu, kupima, kuhariri, kupanga bajeti ya mradi. Vitenzi hivyo vinahama na wewe. Kazi nyingi za kuanzia, na hata baadhi ya programu za uzamili, hupokea wahitimu wa fani tofauti, wakati mwingine kwa sharti la masomo machache ya ziada. Kubadilisha baada ya kumaliza ni rahisi kuliko kuacha ukiwa umebakiza muhula mmoja, isipokuwa kama afya yako iko hatarini.

Kwa nini nimemaliza halafu najisikia mtupu?

Kwa sababu ratiba, watu na lengo vimeondoka vyote ndani ya wiki moja. Hali hiyo ni ya kawaida sana na kwa wengi hupungua siku zinapopata mpangilio mpya: saa maalumu ya kuamka, kutoka nje, kuonana na mtu. Huzuni ikidumu zaidi ya wiki mbili karibu kila siku, usingizi na hamu ya kula vikibadilika, zungumza na mtaalamu wa afya. Vyuo vingi huruhusu mhitimu kutumia ofisi ya ushauri nasaha kwa muda fulani baada ya kumaliza, basi uliza kabla kitambulisho hakijafungwa. Kama unafikiria kujidhuru, usisubiri wiki mbili: mwambie mtu leo.

Lazima nihudhurie mahafali?

Kwa kawaida hapana, shahada hutolewa hata usipokuwepo. Lakini jina lako lazima liwe kwenye orodha ya wahitimu, na mara nyingi fomu ya kuomba kuhitimu hujazwa na mwanafunzi mwenyewe. Joho la kuazima lirudishwe kwa tarehe, la sivyo utadaiwa.

Kliransi inakwamia wapi, na nyaraka gani niondoke nazo?

Fomu ya kutodaiwa huzunguka maktaba, bweni, maabara, idara ya michezo na fedha. Anza na maktaba, kwa sababu kitabu kilichopotea huchukua muda kubadilishiwa. Fedha iwe ya mwisho, kwani deni lolote kutoka ofisi nyingine litaishia hapo. Tunza stakabadhi zote mpaka cheti kiwe mkononi.

Kagua jina lako sasa hivi. Linganisha herufi kwa herufi kati ya cheti cha kuzaliwa, pasipoti, cheti cha sekondari na rekodi ya chuo. Kurekebisha jina kabla ya cheti kuchapishwa ni suala la fomu moja, baada ya hapo ni mlolongo wa viapo na miezi.

Omba transkripti, yaani orodha rasmi ya matokeo yako yote, zaidi ya moja, nyingine zikiwa kwenye bahasha iliyofungwa kwa muhuri wa chuo, kwa kuwa baadhi ya vyuo hukataa iliyofunguliwa. Omba pia muhtasari wa masomo unaoeleza kila somo lilifundisha nini. Ndio unaoulizwa ukitaka kuendelea na masomo nchi nyingine, na ni vigumu kuupata mtaala ukishabadilika. Kwa nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961, nyaraka za nje huthibitishwa kwa apostili, cheti cha kuthibitisha sahihi na muhuri wa hati, ambayo hutolewa na mamlaka ya nchi iliyotoa hati, kwa hiyo ni rahisi kuishughulikia ukiwa bado karibu.

Usiweke cheti halisi kwenye plastiki ya moto. Mihuri ya uthibitisho hugongwa juu ya karatasi yenyewe, na ofisi nyingi hukataa cheti kilichofunikwa. Kiskani kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, kwa rangi, pande zote mbili.

Mwisho, barua pepe ya chuo. Hufungwa baada ya muda, wakati mwingine bila onyo. Hamisha mawasiliano na faili, kisha pitia kila akaunti uliyoifungua kwa anwani hiyo, ukianza na benki, maombi ya kazi na hifadhi ya tasnifu. Badilisha anwani kwenye kila moja ukiwa bado unaweza kupokea namba ya uthibitisho.